Mwisho wa Kaseti ya Ba Kofia

Siku ya pili, tarehe 8 mwezi wa saba

Samaki ya sambaza bado iko ku bati, haijakauka. Vumbi mingi. Kiangazi hii ni mbaya, maji inakuyaga ku robine mara moja mu juma, na hiyo mara moja nilikuwa ku misa. Béatrice amefika saa tisa na kalamu yake. Yeye ni jirani, alifundisha batoto miaka mingi, sasa anapumuzika. Miye sikusoma hata siku moja. Nasema, yeye anaandika mu kaye ya marehemu bwana yangu, ile alikuwa anaandika filme za kuonyesha. Alikufa, kurasa zikabakia. Béatrice anapenda kunyoosha Kiswahili yangu. Namukatazaga. Andika vile nasema, we mama.

Leo nilitaka kusema juu ya kuku tu. Ile nyeusi inalalia mayai saba.

Lakini Pascal alikuya. Pascal ni mwalimu wa Kingereza, eko mu kamati ya paruasi, kanisa yetu. Amevaa viatu ya kung'aa mu vumbi yote hii. Anasema siku ya yenga ya tarehe 20 bataonyesha filme ya Ba Kofia mu sale, ile nyumba kubwa ya mikutano ya paruasi, saa nane ya muchana, juu mangaribi hakuna mutu anatembea tena mu Kadutu, mutaa yetu, kwa woga. Ba Kofia! Kaseti yetu. Ameipata ku internet, safi, nzima. Na yeye mwenyewe atashika mikro, atafsiri neno kwa neno.

Nilimuambia asante. Nilimupa chai.

Nzima. Alisema nzima mara mbili.

Siku ya ine, tarehe 10

Sikulala muzuri. Goti ya kuume inauma, lakini haiko goti.

Pascal aliniachia kazi. Anataka nisimame mbele ya batu, niseme juu ya nini hii filme haikufaga. Miaka zaidi ya makumi tatu, na batu bangali banaiomba. Hata bale hawajazaliwa wakati ule, eti banaijua ku maneno ya baba zabo. Juu ya nini? Miye najua nini? Nilikuwa nauzisha karanga ku mulango.

Basi niseme vile naona, Béatrice aandike, kisha nitachagua.

Tulikuwa na sale ya mbao, Kadutu, chini ya soko. Benchi kumi na mbili, télé moja yenye mugongo mukubwa, groupe, ile mashine ya kutoa umeme, inalia kama mutu ya kikohozi. Bwana yangu Bisimwa, batu yote walimuita Papa Video. Miye Maman Video, hata leo ku soko beko naniita vile. Yeye alikuwa anasimama pembeni ya télé na fimbo, anatafsiri. Filme za karate, za Wahindi, za vita. Lakini ile ya kujaza sale mpaka batoto banaketi ku mabega ya batu, ni Ba Kofia.

Filme ni hii. Muji mukubwa wa bazungu, baridi, nyumba za matofali nyeusi za moshi. Kazi imeisha. Vijana wane banavaa kofia namna moja. Banakaa ku ngazi za nyumba kutwa muzima, banasukumana, banacheka. Polisi inabafukuza, banarudilia ku ngazi ile ile. Mukubwa wabo, Papa alimupa jina Mulefu. Mwingine alikuwa na suruali fupi, miguu nje na baridi yote ile, Papa akamuita Kaputula. Majina ya bazungu hatukuyasikia muzuri.

Batu balipenda juu ya zile ngazi. Kadutu ni ngazi tupu. Balipenda juu vijana babo nabo balikuwa banaketi bila kazi, banasukumana. Mu ile filme mama anafuata maji na ndoo, anatukana. Sale yote inacheka: "Na kule nako robine ni vile?" Mara ya kwanza bazungu balikuwa na shida yetu mbele ya macho yetu. Hiyo njo sababu moja.

Sababu ya pili ni mwisho. Hiyo sitaisema leo.

Siku ya tano, tarehe 11

Niseme mwisho. Béatrice ananiangalia kama mwanafunzi alikosa hesabu.

Kaputula anauzisha benzake ku polisi. Benzake banamukamata nyuma ya nyumba yabo, mu kiwanja. Mulefu eko na kisu. Mu dirisha tunaona mama ya Kaputula, anakoroga sufuria, hajui kintu. Mulefu anaangalia dirisha. Anafungula kinywa. Na Papa, na sauti ya chini, ile alikuwa anatunza juu ya hapo tu, anasema: "Nikimuua huyu, mama yake atapikia nani?"

Kisha ni asubui, Mulefu anatembea peke yake mu njia, mikono mu mifuko. Kwisha.

Batu balikuwa banalia. Banaume na misuli zao, banalia, banasema ni moshi ya groupe.

Sasa Safari. Bila Safari singekuwa na shida yoyote.

Safari leo ni shefu wa avenii kule Kasha, muzee wa mvi, batu banamupelekea magomvi za bibi na bwana. Zamani alikuwa mukubwa wa Ba Wembe, kundi ya vijana wa visu. Mama zetu balikuwa banafunga mulango wakisikia hiyo jina. Rafiki yake Mugisho alionyesha askari nyumba yenye balijifichaka. Askari balikamata mudogo wa Safari, kijana wa kumi na saba. Alitoka mu kasho mugonjwa, hakumaliza mwezi. Safari akaapa. Kadutu yote ilijua Mugisho ni maiti, ni siku tu.

Ile siku Safari aliingia kwetu na kisu mu mukoba. Alitaka kungojea giza. Nilimuuzishia karanga, sikumuangalia usoni. Alisikia ile neno. Alitoka, alitupa kisu mu mutoni. Alienda kwa mama ya Mugisho, aliketi, alikula bugali yake. Mugisho leo anauzisha makala ya kupikia, nyumba mbili toka kwa Safari, ana batoto tano. Safari ni parrain, baba wa ubatizo, wa mutoto wake mukubwa.

Hiyo hadisi Safari anaisemaga kila pahali. Ku matanga, ku ndoa, ku vijana. Anasemaga: "Mimi nilitahiriwa roho na filme."

Papa hakujuaga Kingereza. Alijua "yes". Alijua "goodbye".

Siku ya yenga, tarehe 13

Misa ya pili. Padri akatangaza. Sale yote ya kanisa ikafurahi, nasikia bazee nyuma yangu banasema "Mulefu, Mulefu" kama batoto. Kisha padri akaongeza: shefu Safari wa Kasha atatoa ushuhuda filme ikiisha.

Filme ikiisha! Mbele ya batu yote!

Alinifuata ku mulango ya kanisa. Akanishika mikono mbili.

"Maman Video, siku ile utaketi pembeni yangu."

"Magoti yangu, baba."

"Nitakubeba."

Akacheka. Meno ya mbele hayako tena. Mugisho alikuwa nyuma yake na shati ya kijani, alibeba mwavuli ya Safari mu hii jua, kama bibi anabeba mukoba ya bwana. Beko hivi siku zote. Nikatafuta pa kuficha uso.

Naogopa. Niseme wazi: naogopa kama mutu aliiba.

Siku ya kwanza, tarehe 14

Béatrice, hii andika na usiulize mpaka nimalize.

Kaseti ilituletewa na shofere wa camion, alitoka nayo upande ya Bujumbura. Filme mupya tuliiangaliaga kwanza siye babili, asubui, mulango umefungwa, juu Papa ajue atasema nini. Basi tuliona ile filme nzima. Siye tu.

Mulefu anaangalia dirisha, kweli. Anafungula kinywa, kweli. Lakini anasema maneno mbili, tatu, mafupi. Kisha anageuza mugongo. Benzake banamuua Kaputula. Inakawia. Mama anatoka na sufuria mu mikono, anaita. Anaita tena. Hakuna mutu anajibu. Kisha njo asubui inakuya.

Ile juma balikuwa bameua mutoto wa M'Birindwa, ku ngazi za soko. Benzake mwenyewe balimuua, balisoma naye, balikula naye. M'Birindwa alikuwa mama jirani yetu, mulango kwa mulango. Miye njo nilienda kumuambia. Alikuwa amepika. Aliniangalia na mwiko mu mukono, hakulia, akauliza: "Sasa nitapikia nani?" Akakoroga tena. Akauliza tena. Mpaka usiku kucha alikuwa anauliza ile neno moja, na ile maharagi ikaungua.

Sasa naona hiyo filme, na ile sufuria, na ule mama. Nikamuambia Bisimwa: hii hautaonyesha mu Kadutu. Akasema batu bameisha kusikia, batakuya, nitabaambia nini? Nikaleta mukasi yangu ya kushona. Miye. Nilishika ule mukanda na vidole, yeye akakata. Tukaunganisha na kibandiko. Wakati ya kuonyesha, télé ilikuwa inaruka kidogo pale, ikipiga mistari. Papa alisema kaseti ililiwa na mashine.

Na maneno aliuliza: Mulefu aseme nini? Nikamupa neno ya M'Birindwa.

Basi. Safari aliachilia damu ya mudogo wake juu ya neno ya filme. Na filme haikusema vile. Filme ilisema muue.

Béatrice aliweka kalamu chini. Kisha akasema: "Na miye nililia pale. Mara tatu." Nikamuambia andika na hiyo.

Siku ya tatu, tarehe 16

Nilienda kwa Pascal, ku shule. Ngazi mia. Nilipumuzika mara ine, kila pahali mutu ananisalimia, "Maman Video, tarehe makumi mbili!" Hata muuza ndizi. Hata mutoto wa muuza ndizi, hajaona filme ata moja ya zamani.

Nilimuambia Pascal mwisho haiko muzuri ku batoto. Uongo kidogo. Akasema batoto ya leo beko naona mabaya kuliko hiyo mu simu. Hiyo ni kweli. Nikasema basi, akate kidogo. Akanyoosha miwani.

"Maman, hiyo filme ni kazi ya mutu. Mutu aliitengeneza vile. Siye ni nani tukate?"

Hakunitukana. Ana heshima. Lakini nilisikia kama ananipiga na fimbo, juu ile mukasi iko mu kikapo yangu mpaka leo, nakatia nayo uzi.

Akaongeza anapenda ile mwisho. Eti njo inafanya filme ikuwe kubwa. Eti mutu akiiona hatasahau ule mama. Labda ana haki. Miye ule mama nilimuona bila filme.

Nateremuka, nawaza: nigonjwe. Nigonjwe tarehe makumi mbili. Kumbe hiyo itanisaidia miye, haitasaidia Safari. Ataona peke yake, mbele ya batu, na Mugisho pembeni na mwavuli.

Safari anasoma Kifaransa. Na chini ya picha bataandika Kifaransa.

Siku ya ine, tarehe 17

Mayai mbili yameoza. Kuku inaniangalia mubaya.

Nimetuma mutu Kasha. Nimesema: shefu akuje, peke yake.

Siku ya tano, tarehe 18

Amekuya saa ine ya asubui na moto, pikipiki yake, kofia ya moto ku kichwa, anacheka. Ameleta makala, makopo mbili, "Mugisho anakusalimia."

Nilimuketisha. Nikamimina chai. Nilikuwa nimejifunza maneno usiku, yote ikapotea. Nilisema tu: "Safari, mutoto yangu, ile neno haiko ya Mulefu."

Hakusikia. Akafikiri nasema juu ya kitu ingine. Nikasema tena. Nikasema yote. Mukasi, mukanda, M'Birindwa. Nilikuwa nasema mbio kama mutu anakimbia mvua. Nikasema mu filme ya kweli banamuua.

Alikuwa anaangalia chai. Uso wake ulirudi nyuma, sijui niseme namna gani, Béatrice. Nilimuona tena kijana ule wa mukoba.

Akauliza kintu moja: "Papa alijua miye naweka kisu mu mukoba?"

Nikasema hapana. Hakuna mutu alijua. Neno ilitoka kabla yako.

Akasema: "Mudogo wangu alikuwa na kumi na saba."

Nikasema najua.

Akasimama. Chai hakuigusa. Moto yake haikuwaka mara ya kwanza, akaipiga teke, ikawaka, akaenda. Makala iko pale ku mulango. Sitaki kuitumia.

Ningenyamaza. Singenyamaza. Sijui. Sasa Mugisho ana batoto tano, na miye nimefungula kinywa.

Siku ya posho, tarehe 19

Bibi ya Mugisho amepiga simu. Sijawahi kusikia sauti yake vile.

Anasema jana mangaribi Safari alikuya ku lupango yabo. Hakuingia. Alisimama ku fito, mikono nyuma. Mugisho alimuita kama kaka mukubwa: "Yaya, karibu." Safari alisimama mpaka mutoto mudogo akatoka na kiti, akamuwekea pale inje. Hakuketi. Akaenda. Leo asubui hakufungula mulango. Batu beko na magomvi yabo banangojea ku avenii, hakuna mutu.

Ananiuliza: "Maman, ni nini? Bwana yangu amekosa nini?"

Nikasema sijui. Huo uongo nao tuuandike.

Nilimuambia ule bibi, Mugisho asikuje kesho. Akasema Mugisho amekwisha kupiga pasi shati ile ya kijani, hawezi kukosa, Safari atasema ushuhuda, namna gani akose?

Nimesali Salamu Maria mpaka ulimi ikakauka. Béatrice naye. Alilala hapa kwangu. Anakoroma. Anasema hakoromi.

Siku ya yenga, tarehe 20

Sale ilijaa. Mapazia nyeusi ku madirisha, mushuka nyeupe ku ukuta. Joto. Harufu ya karanga, mutu mwingine anauzisha sasa, na karanga yake haikukauka muzuri. Balinitia mbele. Pembeni yangu kiti ya Safari, tupu. Mugisho aliketi mustari ya pili na bibi yake. Kila mara anageuka kuangalia mulango. Na miye.

Filme ikaanza. Béatrice, ile picha safi! Nilikuwa najua zile nyumba nyeusi, kumbe ni nyekundu. Miaka yote ile, nyekundu.

Pascal na mikro. "Huyu anaitwa—" na jina ya kizungu. Mzee mumoja nyuma akapiga kelele: "Anaitwa Kaputula!" Sale yote: "Kaputula!" Pascal akacheka, akaacha. Kisha kila akitafsiri, bazee banamujibu na maneno ya Papa. Pascal anasema: "Leo ni baridi sana." Banajibu: "Baridi ya kukata masikio ya mbuzi!" Papa njo alisema vile. Batoto banashangaa, banacheka na filme mbili mara moja. Ule mama wa ndoo alipotokea, sale ilimupigia makofi kama bibi arusi. Nilisahau woga, kidogo. Nilimusikia bwana yangu mu vinywa ya batu mia. Alikuwa amekufa, na alikuwa pale.

Kisha kiwanja.

Niligeuka. Safari alikuwa ameingia. Alisimama ku mulango, koti nyeusi, mikono nyuma.

Ku mushuka banamukamata Kaputula. Kisu. Dirisha. Mama anakoroga. Nilijua bazee bote banafungula kinywa pamoja na Mulefu.

Safari akatembea. Katikati ya benchi, pole pole, viatu inalia. Akapita Mugisho bila kumuangalia. Akaingia mu mwangaza ya mashine. Kivuli yake ikafunika ukuta, na lile dirisha, na ule mama na sufuria, vikamukaa ku koti, ku mashavu, ku mvi. Mikono ikatoka nyuma. Haikuwa na kintu.

Akasema: "Kwetu inaishiaga apa."

Pascal hakujua afanye nini. Mikro ilikuwa inapiga filimbi.

Kijana mumoja akaita: "Shefu, toka! Tuone mwisho!"

Safari akanyoosha kidole. "Mwisho unatafuta? Mwisho ni ule baba eko naketi pale na shati ya kijani. Muangalie muzuri. Ana batoto tano."

Batu bakageuka. Mugisho akaangalia chini. Bibi yake akamushika mukono.

Kisha Safari akageukia kwangu. Macho yake nyekundu, hakulala. Akasema: "Neno haikuwa ya Mulefu. Haikuwa hata ya Papa Video. Maman, simama useme."

Miye! Sikuwahi kusema kintu mu sale, maisha yangu yote. Niliuzisha karanga. Béatrice akanisukuma. Nikasimama na goti hii. Nikasema, sauti kama ya kuku: "Nikimuua huyu, mama yake atapikia nani?"

Nilitaka kusema jina ya M'Birindwa. Nikaketi bila kuisema.

Pascal alizima mashine. Mwenyewe, hakuna mutu alimuomba.

Siku ya kwanza, tarehe 21

Mwili yote inauma. Nimelala mpaka saa tatu.

Pascal alipita. Anasema vijana bengi balienda kutafuta mwisho mu simu, bamekwisha kuiona. Bamoja banasema yetu njo muzuri, bengine banasema ile ya kweli ina nguvu zaidi, banabishana ku ngazi kutwa muzima. Nikasema muache babishane. Akaniomba ruhusa aandike jina ya Papa ku kaseti yake ile mupya. Haiko kaseti, iko kitu kadogo kama kidole. Nikasema aandike na M'Birindwa.

Safari sijamusikia.

Siku ya tatu, tarehe 23

Vifaranga tano. Mama yao anabazungusha mu lupango kama shefu.

Nilitumia ile makala. Nilipika bugali, maharagi, na sambaza ile ilikauka vizuri mwishowe. Nilipika mingi bila kujua juu ya nini. Saa sita nikasikia moto. Safari mbele, Mugisho nyuma, amemushika kiuno. Hawakusema banakuya. Banaingia, bananawa.

Mugisho anajua sasa, naona ku macho. Alikuwa anakula bila kuinua kichwa. Safari alimusukumia sambaza. Mugisho akairudisha. Safari akaisukuma tena.

Kisha Safari akaniuliza kintu moja tu. Kama M'Birindwa alipika tena, kisha ile siku.

Nikamuambia ndiyo. Kisha mwezi, labda mbili. Alipata mutoto wa dada yake toka Bunyakiri, akamulea, akamupikia yeye. Alikuwa anatia chumvi mingi sana. Alikufa muzee.

Akasema: "Muzuri."

Balienda mbele ya saa tisa. Béatrice amekuya, ameuliza kama nimebakisha kintu. Nikamuonyesha sufuria. Hakuna. Hata ukoko balikwangua.